Anayemcheka mjukuu wangu kwanza aniambie taharizi ni nini

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako wa Unguja ambaye barua yake ilitoka wiki mbili nyuma. Alisema ameona picha ya mahafali ya skuli moja ya huku Pemba, na katikati ya wasichana wenye majoho na mitandio yumo mmoja kavaa "gauni la Kikorea lililovimba kama mwavuli". Akasikitika kwamba watoto wetu wamemezwa na tamthilia, kwamba kanga na kanzu zimetupwa jaani, akamalizia kwa swali: mzazi wake yuko wapi?

Niko hapa. Ni bibi yake, mzaa mama. Na ile nguo hakuiagiza mtandaoni wala hakuiazima. Nimeishona mie, kwa cherehani ya miguu, barazani kwangu Limbani, Wete, watu wanapita wanaona.

Barua yenyewe haikuniudhi. Mtu mwenye uchungu na mila za kwao ni wa kusikilizwa, na baadhi ya aliyosema ni kweli tupu. Kilichonikera ni lile neno "gauni". Hanboki, vazi la jadi la Wakorea, si gauni. Na yeye anayeitetea kanzu, nikimshika mkono nikamwambia anionyeshe taharizi iko wapi, sijui kama ataiona. Nitafika huko.

Nashona huu mwaka wa 34. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kanzu na ndiye aliyenifundisha: mwanzo kupiga bandi, kisha kukunja pindo, na baada ya mwaka wa tatu ndipo akaniachia mkasi. Hakuwa msemaji. Nikikosea alikuwa anafumua mbele yangu, uzi mmoja mmoja, ananirudishia kitambaa kama kilivyokuwa. Tangu afariki nashona chochote kinacholetwa: sare za skuli, madira, mapazia ya maharusi, na kanzu nikipata mtu anayetaka ya kushonewa, maana wengi siku hizi wananunua zilizokuja zimekunjwa ndani ya nailoni.

Mwezi wa Agosti, karafuu zimeshaanza kushuka, mjukuu wangu alikuja na pesa zake mwenyewe. Alizipata kwa kuchambua karafuu usiku kwa jirani, pishi kwa pishi, mpaka vidole vimebadilika rangi. Alikuwa Kidato cha Nne. Akaziweka noti juu ya cherehani, zinanukia, na pembeni yake akaiweka simu.

"Bibi, nishonee hii. Nataka niivae siku ya mahafali nikishavua joho."

Nikatazama. Mwanamke kasimama mbele ya jumba la kifalme, sketi imeanzia juu ya kifua ikamwagika mpaka chini, kikoti kifupi mno, na mbele tepe ndefu inaning'inia. Nikamwambia, hii kazi ya siku mbili. Astaghfirullah, kiburi cha fundi.

Kitambaa tulikipata Chake Chake: atlasi, hii ya kuteleza ya siku hizi ambayo si hariri wala haijawahi kuiona hariri, mita tano za bluu kwa sketi na mita mbili za rangi ya maziwa kwa kikoti. Sketi ilinitii. Wenyewe wanaiita chima. Ni mapande marefu yaliyounganishwa, juu yakatiwa marinda madogo madogo, yakashonewa mkanda mpana. Unajizungushia mwilini, unafunga. Mtu aliyewahi kujifunga kanga kifuani anaijua kazi hiyo tangu utotoni. Kikoti ndicho kilichonitoa jasho.

Nilikikata kama ninavyokata blauzi. Nikachimba kwapa, nikaliteremsha bega, nikatia mikono ya kupachika, nikabana kiuno. Alipokivaa, mjukuu wangu alisimama mbele ya kioo akanyamaza. Adabu ndiyo iliyomzuia. Alikuwa kama mhudumu wa ndege. Mikono imembana, mgongo umekunjamana, na ule mstari wa chini ya mkono, ambao kwenye picha umejipinda kama tumbo la ngalawa, haukuwepo kabisa. Mita mbili za watu zimekwisha, na si pesa zangu, ni pesa za mtoto aliyekesha na karafuu. Nikaenda kulala na aibu hiyo.

Usiku ndipo nikamkumbuka mama wa Kikorea.

Miaka mingi nyuma, mume wangu yu hai, alikuja Wete mama mmoja na mumewe aliyekuwa na kazi za mradi. Alitaka magauni mawili ya kanga. Vipimo vilichukua dakika tano, lakini yeye alikaa barazani kutwa nzima akitutazama tunavyokata, na kesho yake akarudi na nguo yake mwenyewe, kaifunga ndani ya kitambaa cha mraba kilichoungwa vipande vipande, mfano wa viraka lakini viraka vya kukusudia. Akakifungua mkekani. Ndani mlikuwa na kikoti cha aina hii hii, hariri nyepesi, rangi ya ndizi mbivu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, sisi lugha yake hatuna, ikabaki vidole kusema.

Akatuonyesha shingo. Juu ya kola palikuwa na ukanda mweupe mwembamba, mgumu kidogo, haufiki upana wa kidole gumba. Akachukua mkasi wangu mdogo, akakata nyuzi chache, akaubandua wote ukabaki mkononi mwake. Akajisugua nao shingoni, akajifanya anatokwa jasho, akaunusa, akakunja uso, akautupa. Kisha akatoa mwingine kwenye pochi, mweupe pepepe, akaushona palepale kwa mkono, mishono yote imejificha. Kahawa ilikuwa haijapoa. Kola mpya, nguo ileile.

Mume wangu alicheka mpaka kahawa ikampalia. Halafu akakichukua kile kikoti kwa mikono miwili, akakilaza juu ya mkeka, akakinyoosha. Kikalala bapa kama karatasi. Mabega mstari mmoja, umenyooka kutoka mkono huu hadi mkono ule, kwapa halikuchimbwa, hakuna kilichobanwa. Akanitazama akasema neno moja.

"Kanzu."

Basi hilo ndilo nililolisahau mie, mwanafunzi wake. Asubuhi nikakifumua kikoti changu cha mhudumu wa ndege, nikatia pesa yangu kununua kitambaa kingine, na nikakata kama kanzu. Hapo ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake.

Naomba uvumilivu wa wasomaji, kwa sababu hapa ndipo penye jambo langu. Kanzu ya kwetu ina majina. Badani ndio mwili wake, mbele na nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipa upana wa kutembea. Kikwapa ni kile kipande kidogo cha kwapani kinachouachia mkono unyanyuke bila kuchana mshono. Kaba iko shingoni kwa ndani. Sijafu ni mkunjo wa mwisho wa mkono. Fundi wa zamani alikuwa anayasema haya bila kufikiri, kama mpishi anavyosema chumvi.

Na kikoti cha Kikorea, ambacho jina lake ni jogori, kina majina vilevile. Mjukuu wangu alinisomea kwenye simu nami nikayaandika ukutani kwa chaki kama nilivyoyasikia. Mwenye kujua Kikorea anisamehe tahajia. Gili ni mwili, yaani badani. Sopu ni kipande kinachoongezwa mbele ili upande wa kushoto upate kuulalia wa kulia. Giti ni kola, na juu yake donjongi, ule ukanda mweupe wa kubandua. Gorumu ni tepe mbili za kufungia, ya kushoto ndefu kuliko ya kulia, na fundo lake lina kitanzi kimoja tu, si viwili kama kamba ya kiatu. Na ule mpindo wa chini ya mkono unaitwa bere. Bere ilinisumbua jioni nzima. Nikiipinda sana mkono unakuwa kama mfuko, nikiipinda kidogo haionekani. Mwisho nikachukua sinia la kupakulia pilau, nikaliweka juu ya kitambaa, nikaufuata ukingo wake kwa chaki. Ikaja.

Sasa nije kwenye heshima, maana msomaji mwenzangu alilirudia neno hilo mara tatu. Ameliona lile vazi pichani akasema halina stara. Sijui alitazama wapi. Limefika kwenye vifundo vya miguu na kwenye vifundo vya mikono, limesimama mbali na mwili wala halimchori mtu, na mtoto katia na mtandio wake juu. Hapo bado ndani: Wakorea wa zamani chini ya chima walivaa suruali pana na sketi nyingine ya ndani, na kufura kule anakokuita mwavuli kumetoka huko. Bibi zetu waliovaa suruali za marinda wangeielewa hesabu hiyo mara moja.

Tena kuna kitu kinaitwa jangoti. Katika enzi ya wafalme wa Joseon, iliyoanza 1392 ikaisha 1910, mwanamke wa heshima akitoka nje alijifunika kichwani koti refu, mikono ya koti ikining'inia mitupu pembeni, yeye kaishika kwa ndani chini ya kidevu, uso tu unachungulia. Nilipooneshwa picha yake nilinyamaza kidogo. Mama yangu mzazi alikuwa akivaa buibui la ukaya, na alikuwa akilishika hivyohivyo, kwa mkono wa kushoto, chini ya kidevu, akivuka barabara. Na hao Wakorea hawakutuona sisi wala sisi hatukuwaona wao.

Nguo yao ina mambo ya kusoma kama kanga, ila haikuandikwa herufi. Rangi tano wamezipa pande: bluu mashariki, nyeupe magharibi, nyekundu kusini, nyeusi kaskazini, manjano katikati. Mtoto akitimiza mwaka mmoja anavalishwa jogori yenye mikono ya mistari ya rangi nyingi, na rangi zile huambiwa zinamkinga na mabaya, kama sisi tulivyokuwa tukiwatia watoto wanja usoni kwa ajili ya kijicho. Anakalishwa mbele ya meza yenye vitu, uzi, pesa, kitabu, kalamu, watu wanangoja ashike nini. Akishika uzi, umri mrefu. Na sherehe hiyo imekuwa kubwa kwao kwa sababu zamani watoto wengi hawakuwa wakiufikia huo mwaka. Nani Pemba hapo asiyeelewa?

Harusini bibi arusi wa kimila ana jogori ya kijani na chima nyekundu. Siku hizi mama wa bwana harusi huvaa bluu, mama wa bibi harusi huvaa waridi, unaingia ukumbini unajua nani mama wa nani kabla hujatoa salamu. Nilipoambiwa hivyo mita tano za bluu zilikuwa zimeshakatwa. Kwa hiyo msomaji wa Unguja kama anataka kosa la kweli, hilo hapo: mjukuu wangu wa miaka 18 alikwenda mahafali na rangi ya mama mkwe.

Zamani lakini raia wa kawaida hakuvaa rangi hizo zote. Hariri na rangi za kukolea zilikuwa za wakubwa. Wananchi walivaa nyeupe, mpaka wakajulikana kama watu wa nguo nyeupe. Wajapani walipowatawala, 1910 hadi 1945, walipiga vita nguo hizo nyeupe, na wao ndiyo wakazidi kuzishikilia. Msiba nao una kitambaa chake, kigumu, cha kukwaruza, kilichofumwa kwa nyuzi za mbangi. Ndiyo, mmea ni uleule unaowapeleka watu kituoni. Nyuzi zake hazina kesi. Wakati wa joto wana mosi, kitambaa chembamba chenye kupitisha upepo, na ufumaji wake wa huko Hansan uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2011. Bibi yangu angeiita melimeli na kuuliza bei. Nao wana kisiwa chao, Jeju, ambako wakulima walizipaka nguo za kazi maji ya matunda mabichi ya persimoni, zikianikwa juani zinakuwa kahawia na ngumu, hazigandi mwilini kwa jasho. Nimependa hilo kuliko majumba yote ya kifalme. Vazi la mtu wa kisiwani wa kazi.

Na kufua! Nguo ya zamani ilifumuliwa kabla ya kufuliwa, ikatiwa kanji, ikalazwa juu ya jiwe na kupigwa kwa magongo mawili mpaka ing'ae, kisha ikashonwa upya. Kila mara. Mwanangu aliposikia hivyo alisema wanawake wale walionewa, na mie sikumbishia. Lakini ndiyo maana walijua kila kipande kinakaa wapi. Mtu aliyefumua nguo ya mumewe mara 20 hahitaji kufundishwa sopu ni nini.

Msomaji mwenzangu asidhani Wakorea wenyewe wametulia. Wanagombana kama sisi. Ile chima ilikuwa inafungwa kifuani tu, inabana, inateleza. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika skuli ya wasichana ya Ewha mjini Seoul, walimu wakaiongezea mikanda ya mabegani ili wanafunzi wapumue na kukimbia. Leo hakuna anayeona ajabu. Ukienda na hanboki kwenye jumba la kifalme la Gyeongbokgung unaingia bure, tangu 2013, na pembeni ya geti yamejaa maduka ya kukodisha, na mengi yanakodisha vitu vya lasi na vya kumeta, zenye waya ndani ya sketi na utepe wa kufungia mgongoni. Mwaka 2024 mkuu wa idara yao ya urithi akasema hadharani kwamba hizo zinaipotosha hanboki. Wenye maduka wakanung'unika. Hapo nami nikaitazama tena ile picha ya kwanza kwenye simu ya mjukuu wangu, nikakiona kitu kinameta penye pindo la chini. Nikamwambia, hii yako ni ya kukodi. Tukatafuta nyingine.

Na wameshagombana na majirani. Tarehe 4 Februari 2022, kwenye ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya baridi mjini Beijing, mwanamke mmoja kati ya waliobeba bendera ya China alivaa hanboki, kuwakilisha Wakorea walio raia wa China. Korea Kusini ikawaka moto: wanatuibia nguo yetu! Mwaka huohuo mwezi wa Julai serikali yao ikauandika utamaduni wa kuvaa hanboki kuwa urithi wa taifa. Korea Kaskazini nao, wanaoiita kwa jina lao lingine, wakaipeleka UNESCO ikakubaliwa Desemba 2024. Ndugu waliogawanywa na mpaka wa mabomu, na bado kila mmoja anaitia nguo ileile kabatini kwake.

Turudi kwetu. Nakubaliana na msomaji mwenzangu kwamba kuna kitu kinapotea, ila mwizi wake si mtoto wa Kidato cha Nne. Sitaki pia tudanganyane kuhusu ugeni. Kanga nyingi tunazozifunga zimechapwa India. Merikani, jina lenyewe linasema ilikotoka. Kitambaa hakijawahi kutufanya wageni. Kinachotufanya wageni ni kuvaa nguo yetu bila kujua imekaaje.

Mwezi uliopita niliwauliza vijana wawili mafundi wa hapa Wete, wazuri, wana oda nyingi kuliko mie, taharizi ni nini. Mmoja alifikiri nimesema kudarizi, akanionyesha mashine yake ya maua. Wa pili alisema ni neno la kwenye kasida. Sikuwacheka, kwani nani aliwaambia? Darasa la ushonaji nililolitembelea mie linafundisha suti, sketi na sare. Kanzu haimo, kwa hoja kwamba inanunuliwa.

Na wakubwa? Kulikuwa na sherehe ya mambo ya utamaduni, sitasema ipi wala ofisi gani. Walikuja kwenye kikundi chetu cha kina mama wakitaka kofia za mkono 60 kwa ajili ya wageni. Tukawaeleza kwamba kofia ya viua ya kushonwa kwa mkono, kitundu kimoja kimoja, ikizungushiwa uzi, si kazi ya wiki. Kwa mwanamke mwenye nyumba na watoto ni miezi. Tukawaambia tungeweza kutoa 8 nzuri. Wakashukuru, wakanywa chai, wakaondoka. Siku ya sherehe wageni wote 60 walivaa kofia za mashine, zimefanana kama mayai ya trei moja, na mtu jukwaani akazisifu kwa kipaza sauti kuwa ni kazi ya mikono ya mama zetu. Mama zetu tulikuwepo, safu ya tano, kwenye viti vya plastiki.

Hiyo, Mhariri, ndiyo ingekuwa barua ya msomaji wako, kama angetaka.

Wakorea wana siku yao ya hanboki, Oktoba 21 kila mwaka. Sisemi nasi tuanzishe siku. Siku tunazo za kutosha na zote zina hotuba. Ombi langu ni dogo. Gazeti lako lina ukurasa wa Ijumaa. Tupe pembe moja, picha moja: kanzu ya mzee iliyoshonwa kwa mkono, suruali ya marinda, ukaya, joho, kizibao, chochote kilicholala makashani Mkoani, Mkokotoni, Makunduchi, Kojani, na chini yake majina ya sehemu zake na maelezo ya aliyeishona kama yu hai. Wenye nguo hizo wazitoe zipigwe picha, si kuziuza kwa watalii Mji Mkongwe kabla hata hazijapimwa. Na darasa lolote la cherehani litakalotaka fundi wa kuja kukata kanzu mbele ya wanafunzi, mie naenda, nauli ya gari tu, na kama ni ng'ambo ya bahari basi na tiketi ya boti.

Msomaji wa Unguja namkaribisha nyumbani kwa moyo mweupe. Akija nitampima kanzu bure, ushonaji juu yangu, kitambaa alete mwenyewe.

Mjukuu wangu anasubiri matokeo ya mtihani, kila asubuhi yuko hapa barazani. Hanboki imekunjwa bapa ndani ya kasha, pamoja na donjongi mbili za akiba nilizomkatia kwa kitambaa cha kola ya shati. Anataka nimfundishe. Cherehani sijampa bado. Nimempa kanzu ya babu yake, ile iliyochanika kwapani, na wembe, nikamwambia aifumue yote, uzi mmoja mmoja, asikate kitambaa. Jana jioni alikuwa amefika taharizi ya kushoto.

Bibi Fundi,
Limbani, Wete,
Pemba